Jua Kupitia Kifua cha Baba

Binti yangu alinipigia simu nikiwa namlisha mzee mmoja supu ya maboga. Ilikuwa Jumamosi, saa ya chakula cha mchana, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi pale Toongabbie. Kazini haturuhusiwi kushika simu mzee akiwa mezani, na binti yangu analijua hilo. Simu ilipotetemeka mfukoni mara ya tatu nikajua nyumbani kumeharibika. Nikamwomba mwenzangu ashike kijiko, nikatoka koridoni.

"Mama, njoo nyumbani," alisema. "Mdogo wangu anasema haoni katikati."

"Katikati ya nini?"

"Ya kila kitu. Akiniangalia usoni anasema sina pua. Bibi amemwonyesha jua."

Watoto wangu wanaelewa Kiswahili, lakini hujibu kwa Kiingereza. Nimegombana nao miaka nenda miaka rudi, nimechoka. Siku hiyo binti alizungumza Kiswahili kitupu mwanzo hadi mwisho bila kuambiwa, na hilo lilinitisha kuliko maneno yenyewe. Nikamwambia afunge mapazia, asimruhusu mtoto kufikicha macho, na asimwache bibi amkaribie. Nikavua aproni.

Sharti nieleze jua lilivyoingia nyumbani kwetu. Tarehe 22 Julai mwaka 2028, ambayo ni Jumamosi, mchana baada ya chakula, jua litapatwa lote hapa Sydney. Kivuli cha mwezi kitaingia nchini kutoka kaskazini-magharibi, kivuke jangwa na mashamba, kitupitie sisi, kisha kishike njia ya New Zealand. Kwa dakika chache mchana utageuka giza. Wengine watasema bado kuna muda. Lakini ukiwa na binti wa miaka kumi na tano anayependa mambo ya anga, mwaka 2028 ni kesho asubuhi. Mlangoni mwa chumba chake ametundika kalenda: usiku wa vimondo, kumbukumbu ya binadamu kukanyaga mwezi na madishi ya Australia yaliyopokea picha zile, siku za mwezi kupatwa. Tarehe ya jua ameiandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi ya pekee, kwa sababu kalenda haifiki huko.

Mwezi Machi mwaka huu mwezi ulipatwa. Tulitoka nyuma ya nyumba, hapa Mount Druitt, tukajifunika blanketi, na mawingu yalipopasuka kidogo tukauona umekuwa mwekundu. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, alitoka pia na kiti chake cha plastiki. Akauliza jua nalo litaangaliwa vipi. Binti akamweleza kwamba mwezi huangaliwa kwa macho makavu bila shida, lakini jua haliangaliwi hata kidogo bila miwani maalumu. Akamwonyesha miwani aliyopewa shuleni, ya karatasi ngumu, jozi moja tu.

Mama alicheka, akajibu kwa Kiswahili chake cha ng'ambo ya ziwa, "Miwani ya karatasi? Sisi tuliangaliaka jua na kifua ya babu yenu."

Alikuwa anasema kweli. Kila familia iliyotoka kwenye kambi za wakimbizi za Kigoma kuja huku ina bahasha kubwa mahali fulani, chini ya godoro au juu ya kabati, na ndani yake mna picha za eksirei za vifua vya watu wote wa nyumba. Kabla hujapokewa na nchi ya watu, lazima uonyeshe kwamba mapafu yako hayana kifua kikuu. Mapafu mazima kwenye filamu ni meusi. Ya baba yangu yalikuwa na doa jeupe juu, upande wa kulia. Kwa sababu ya doa lile safari yetu ilisimamishwa, baba akaanza dawa, na kabla ya kupigwa picha ya pili akafariki. Tulipokuja kuondoka, mama alipanda ndege na filamu ile mapajani. Mhudumu alitaka kuiweka juu pamoja na mizigo. Mama alimwangalia kwa namna ambayo yule dada hakurudi tena.

Miezi michache baada ya kumzika baba, mwaka 2016, jua lilipatwa kule kwetu kambini, likabaki ukucha tu. Watu walitoka na filamu zao, kambi nzima ikainua vifua juu. Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaweka kifua cha baba mbele ya macho, akaangalia tangu jua lilipoanza kumegwa hadi lilipopona. Hakumpa mtu. Binti yangu, mdogo wakati ule, alililia zamu, na bibi yake akamfukuza ndani ya nyumba.

Kuna jambo jingine la kambini ambalo lazima niliseme, ingawa sipendi. Tangu siku hizo mama yangu hakuwahi tena kuniangalia usoni. Akizungumza nami macho yake huenda sikioni, au ukutani pembeni yangu. Sababu niliijua, au nilijiambia naijua. Mimi ndiye niliyehangaikia safari. Mimi ndiye niliyemsukuma baba akapigwe picha, yeye akisema amezeeka, tumwache. Nilijua mama ananilaumu, na kwa kuwa sote wawili ni watu wa shingo ngumu, hatukulizungumza. Ukituweka jikoni mimi na mama na sufuria ya maharage ya moto, sufuria ndiyo itapoa kwanza.

Basi, nikafika stesheni ya Toongabbie mbiombio na kukuta geti limefungwa. Reli ilikuwa inatengenezwa wikendi hiyo, na badala ya treni kulikuwa na basi. Anayeishi magharibi ya Sydney anayajua mabasi hayo. Yanasimama kila stesheni hata kama hakuna mtu, na dereva anashuka kunyoosha mgongo. Pale Seven Hills tulisimama kungoja abiria ambao hawakuonekana. Nikaenda mbele nikamwambia dereva kwamba mtoto wangu ni mgonjwa. Alinihurumia, nilimwona, lakini akasema lazima afuate muda wake. Nikarudi kukaa.

Nikapiga simu nyumbani. Mtoto mwenyewe akapokea. Ana miaka saba, amezaliwa hapa hapa, na kila kitu kwake ni mchezo mpaka kiwe kilio.

"Mum, nikimwangalia mbwa wa jirani, mbwa anapotea," alisema kwa Kiingereza chake cha haraka. "Nikiangalia ukuta, mbwa anarudi."

"Inauma?"

"No." Kisha akashusha sauti. "Mum, itakaa hivi?"

Nikamwambia hapana. Sikuwa na haki ya kusema hapana, lakini ungesema nini? Mume wangu alikuwa barabarani na lori kuelekea Brisbane. Sikumpigia. Mtu anayeshika usukani wa lori hapewi habari kama hiyo. Nilibaki nikiangalia nyuso za watu ndani ya basi, mmoja mmoja, nikijaribu kuziondoa pua. Blacktown, Doonside, Rooty Hill. Hofu yangu ilikuwa imekwisha kuwa hasira, na hasira hiyo ilikuwa na anwani.

Nilimkuta mama amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mikono mapajani. Filamu ilikuwa imetundikwa kwenye kamba ya nguo, imebanwa na vibanio viwili, na jua la mchana lilikuwa linapita kati ya mbavu za baba yangu na kuanguka kwenye nyasi. Binti alikuwa ndani na mdogo wake, kwenye giza la mapazia. Akanieleza haraka. Mtoto alitaka kufanya mazoezi ya kuangalia jua. Binti alimnyima miwani yake ya shule kwa kuogopa ataikunja, akaenda maktaba. Bibi naye akaona mtoto ananuna. Akamwambia, njoo, babu yako atakuonyesha.

Kule kambini jua lilikuwa limefunikwa karibu lote. Hapa lilikuwa jua zima la Australia.

Nikatoka nje. Sikumwamkia.

"Kumpoteza Baba hakukutosha?" nilisema. "Sasa na mtoto?"

Mama aliinua uso. Macho yake yalikuwa sikioni pangu, kama kawaida.

"Niangalie ninaposema nawe, Mama. Leo niangalie."

Hakuniangalia. Alipanguza mdomo kwa ncha ya kitenge, akanyanyuka kuondoa vibanio. Jirani yetu, mama mmoja wa Kirundi, alikuwa tayari amewasha gari baada ya kusikia kelele zangu ng'ambo ya ua. Akasema, "Jamani, mutagombana mukirudi. Twende hospitali." Nikamwingiza mtoto, binti akaingia, na nilipogeuka nikamkuta mama yangu ameshakaa kiti cha mbele na bahasha yake. Sikuwa nimemwalika.

Hospitalini tulikaa sana. Wakati wote mtoto alikuwa akisoma vibao vya milango. Aliweza kuona herufi za mwanzo na za mwisho, za kati zilipotea, na kila aliposhindwa alinitazama. Kila aliponitazama nilijua haoni ninavyofanya uso, kwa hiyo nikaacha kujikaza kutabasamu. Mama alikaa kiti cha mbali kidogo. Dada yake mtoto alikaa katikati yetu, akitafuna kamba ya kofia ya sweta.

Hatimaye tukaitwa na daktari wa macho, msichana mdogo mwenye sauti ya upole. Akamtia mtoto matone, tukangoja mboni zifunguke, akampiga picha za nyuma ya jicho kwa mashine. Akaziangalia muda mrefu. Kisha akasema anahitaji kumuuliza bibi mwenyewe kilichotokea. Nikasema nitatafsiri. Akanikatalia kwa adabu. Hospitali haziruhusu ndugu atafsiri, wanataka mkalimani, na mkalimani huja kwa simu. Akaweka simu mezani, sauti ikatoka: mwanamke, Kiswahili cha Dar es Salaam, kilichonyooka kama nguo iliyopigwa pasi.

"Shikamoo, mama. Daktari anauliza, mtoto aliangalia jua kwa muda gani, na kwa kupitia nini?"

Mama akaisogelea simu. Akatoa filamu kwenye bahasha akaiweka mezani, kana kwamba simu itaiona.

"Marahaba. Alipitisha ku ile nyeusi, muzuri tu," alisema. "Nilimuambia asitoke ku nyeusi. Kisha akauliza, Bibi, ugonjwa ya babu ilikuwaka wapi? Nikamuonyesha ile nyeupe. Akaweka macho pale."

Mkalimani akatafsiri. Daktari akainua filamu kwenye taa, akaliona doa. Sehemu nyeusi yenyewe haitoshi, alisema, kwa sababu inapunguza mwanga lakini haizuii miale inayounguza. Na lile doa jeupe halizuii chochote. Ni dirisha. Jua zima lilipita mahali ugonjwa wa baba yangu ulipokuwa, likaingia kwenye macho ya mwanangu. Nikashika ukingo wa meza.

"Muda gani, mama?" sauti ikauliza tena.

"Nusu ya sala ya Baba Yetu. Nikasikia amesema *aï*, nikanyang'anya." Kisha akauliza, taratibu, "Munganga, ya mutoto itapita? Mimi, yangu haikupitaka."

Tafsiri haikuja. Niliwaza mkalimani ametafuta neno akalikosa. Lakini sivyo.

"Samahani, mama," sauti ilisema, na haikuwa tena sauti ya kazini. "Yako ipi?"

"Ile nyeusi ya katikati. Iko hapa." Mama akanyoosha kidole mbele ya uso wake. "Tangu kambini. Tangu siku ile ya jua. Nilifikiri ni machozi, nililia sana siku zile. Nikasema, Mungu ameziba pale muzee alikuwa anakaaka. Sikujua ni jua. Ningejua, ningempa mutoto?"

Daktari alikuwa anangoja tafsiri. Binti yangu, ambaye hakuhitaji kungoja, alikuwa amekwisha kufunika mdomo kwa mikono yote miwili.

Mkalimani akamaliza. Daktari akageuza kiti chake kutoka kwa mtoto akamwelekea mama, akamwuliza anaonaje mtu akiwa mbele yake.

"Nikiangalia mutu usoni, uso unapotea," mama alijibu. "Nikiangalia sikio, uso unakuja."

Niliona aibu, na ilikuwa aibu yenye hasira ndani yake, hasira ya kumtafuta mtu wa kumlaumu na kumkosa. Miaka yote ile nilikaa nikihesabu kwamba mama hataki kuniona. Kumbe aliangalia sikio langu kwa sababu alitaka kuniona. Kuuliza si ujinga, tunawafundisha watoto wetu hivyo, na mgeni mmoja kwenye simu, asiyejua hata nyumba yetu iko wapi, ndiye aliyeuliza.

Daktari akampima mama siku hiyo hiyo, ingawa hakuwa na miadi. Kovu la zamani, alisema, macho yote mawili, na hakuna dawa ya kulirudisha nyuma. La mtoto ni jipya na jepesi. Nalo halina dawa, lakini kwa wengi hujiponya lenyewe katika wiki au miezi. Nikamwuliza kama ananiahidi. Akasema hawezi kuniahidi, turudi apimwe tena.

Tulirudi nyumbani. Mlangoni nilitaka kusema kitu, mama naye nadhani alitaka, na sote tukaishia kuulizana kama kuna unga wa ugali.

Wiki zilizofuata ziliniondolea usingizi. Kila asubuhi mtoto alisimama mbele ya friji, akafumba jicho moja, kisha jingine, akiangalia sumaku yenye umbo la kangaruu. Ikipotea, alikwenda kunywa chai bila kusema. Mwalimu wake alimhamisha kiti mara mbili. Mimi nilimwangalia yeye akiangalia friji, na nilipokuwa kazini nilimtafutia binti sababu za kunipigia.

Asiyehangaika ni mama peke yake. Au tuseme alihangaika kwa vitendo. Mtoto akitoka shule, alimkuta bibi anamngoja kizingitini, na mazoezi yalianza.

"Usifuate pua," alimwambia. "Pua ukiifuata inakimbia. Angalia sikio, pua itakuja yenyewe."

"Like this?"

"Bado. Kidogo kando. Sasa?"

"I can see your teeth, Bibi."

"Ile nyeusi yako iko kubwa namna gani?"

Mtoto akaonyesha kwa vidole, kama punje ya mahindi. Bibi naye akaonyesha yake, kama yai. Wakacheka. Nilikuwa dirishani na sahani ya kufuta, na sikujua nifurahi au niingie chooni nilie. Nilifanya yote mawili, kwa zamu.

Kisha ikaja asubuhi moja mtoto akasimama mbele ya friji, akafumba jicho moja, akafumba jingine, akakaa pale muda mrefu. Akaja akanivuta mkono.

"Kangaruu amerudi," alininong'oneza. Alisema kwa Kiswahili. "Yote. Lakini usimwambie Bibi."

"Kwa nini?"

"Atabaki peke yake."

Nilikubali. Kwenye kipimo cha pili daktari alithibitisha. Tulipotoka pale mtoto akanikumbusha ahadi, na kwa siku kadhaa aliendelea kwenda kizingitini na kujifanya anatafuta pua ya bibi yake kupitia sikioni. Hakufika mbali. Mama alikuja jikoni jioni moja, akasimama akiangalia kabati la vyombo.

"Mutoto amepona," alisema.

"Nani kakuambia?"

"Ameanza kuniangalia usoni. Asante Mungu." Akachukua kikombe. "Muache tu. Asijue najua."

Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, binti alitukusanya nyuma ya nyumba. Alikuwa amepata miwani ya kutosha watu wote, ile ya kweli, na aliikagua moja moja kwa kuiweka kwenye taa kabla ya kutugawia. Akatupa masharti kama sajenti. Jua lilikuwa zima, jeupe, la kawaida kabisa. Kupitia miwani lilikuwa kiduara kidogo cha rangi ya chungwa. Mtoto aliangalia kidogo, akarudisha miwani haraka, akasema imetosha, atangoja 2028. Mama alivaa yake, akainua uso, kisha akaugeuza kidogo kando, kama anayesikiliza.

"Niko naliona," alisema. "Dogo."

Mapajani alikuwa na bahasha. Filamu haikutoka ndani. Amesema siku ile ya Julai atakuja nayo hivyo hivyo, imefungwa, mzee awepo tu, na binti hakupata kanuni ya kuikataza.

Nilivuta kiti changu. Zamani ningekiweka mbele yake, tukabiliane. Nilikiweka ubavuni, karibu, nikakaa. Mama alivua miwani. Akaelekeza macho sikioni pangu, akatulia hapo kwa muda mrefu kuliko siku zote ninazokumbuka, na mimi sikugeuka, ili amalize.

"Kumbe umezeeka," alisema.